Mtulinga wa Esenaman

Satarkul alipofariki majira ya baridi yaliyopita, chuo kilibandika karatasi ukutani yenye mistari minne. Mstari wa kwanza jina, wa pili mwaka wa kuzaliwa, wa tatu "mfanyakazi mwaminifu wa maabara", wa nne pole kwa familia, na familia yenyewe hakuwa nayo tena. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikiwa na hasira. Mimi, mwanamke niitwaye Sairakan, nimefundisha elimu ya wanyama katika chuo hicho miaka thelathini na moja, na kila kilichokuwa na maana katika masomo yangu nilikichukua kwake. Wageni wakija kutoka mji mkuu, wakuu wetu walinisimamisha mimi mbele ya makabati nieleze, yeye wakamtuma akaangalie makaa ya jiko. Nilieleza vizuri tu, kwa kuwa nilikuwa nimeyasikia kwake juzi yake.

Alianza kazi kama mfagiaji. Baba yake alikuwa mchungaji wa mifugo milimani, upande wa juu wa mto Naryn, na nyumbani kwao Satarkul ndiye aliyekuwa akikata nyama ya wageni. Kwetu mfupa wa kondoo hauvunjwi. Kisu hupita kwenye kiungo, mfupa ukatoka mzima, na kila mfupa una mwenyewe: nyonga ni ya mkubwa wa wote, paja la mgeni wa heshima, na ukimpa baba mkwe mfupa unaostahili mtoto, umemtukana mbele za watu. Basi siku moja mwalimu aliyenitangulia aliletewa mbuzi mwitu aliyekufa, akawa anahangaika naye kwa msumeno. Satarkul alisimama mlangoni na ufagio wake mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mzee wangu, huyo alishakufa. Mbona unamuua tena?" alisema. "Hebu nipe kisu."

Haikufika nusu saa, mifupa yote ilikuwa mezani, mmoja mmoja, bila hata mkwaruzo. Ufagio akapewa mtu mwingine.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo, karibu na banda la makaa, kwa sababu ya harufu. Alikuwa na mapipa matatu ya maji ambamo nyama ililowekwa mpaka ikaachana na mfupa yenyewe. Wanafunzi wa kike walipita pale wameziba pua. Mama yake, Batmakan, alikuwa mjane, na ulimi wake haukuwa na adabu hata kidogo.

"Nani atakupa binti yake?" alikuwa akimwambia. "Ukipita njiani mbwa wa mtaa mzima wanakufuata."

"Mbwa wana akili, mama. Wanamjua mwenye mifupa."

Kweli hakuoa. Lakini wanafunzi walewale wenye kuziba pua, akiwapangia mezani mikono ya wanyama, walikuwa wakisahau kwenda kula. Alilaza mkono wa popo, wa kondoo, wa farasi, wa mbwa mwitu, wa dubu, na mwisho mkono wa binadamu. "Hesabuni," alisema. "Juu mmoja. Chini yake miwili. Halafu vijipande, halafu vidole. Farasi amebaki na kidole kimoja tu, anasimama juu ya ukucha. Popo amevirefusha vyake akatandaza ngozi. Nyumba ni ileile, waliobadilika ni wapangaji." Kisha aliwaonyesha mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka kifuani hadi begani, akawataka wautafute kwa kondoo. Walitafuta. Hawakuuona, kwa sababu kondoo hana, na farasi hana, na dubu hana. Anao mtu, nyani, popo.

"Asiye na mtulinga hakumbatii," alisema. "Miguu yake inakwenda mbele na nyuma tu."

"Lakini dubu si hukumbatia watu, kaka Satarkul?"

"Dubu hakumbatii, mwanangu. Anakuponda. Siku akikukuta, wewe mwenyewe utaona tofauti."

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Esenaman, aliyebaki na mifugo. Huyo alikuwa mzuri wa sura, mpanda farasi hodari, asiyesikia la mtu, na mama yake alimpenda waziwazi kuliko alivyompenda Satarkul. Satarkul alilijua hilo na sikuwahi kumsikia akilalamika. Katika mchezo wa kugombania mzoga wa mbuzi juu ya farasi, Esenaman aliangushwa akavunjika mtulinga wa kushoto. Satarkul ndiye aliyemfunga kwa kitambaa cha mama yao na kumwamuru akae chini siku arubaini. Alikaa tisa. Mfupa ukaunga vibaya, ukafanya kigongo unachoweza kukishika juu ya shati, na kila walipokutana, kabla hata ya salamu kwisha, Satarkul alikipitisha kidole pale.

"Acha, mimi si kondoo wako," Esenaman alikuwa akimwambia huku akicheka.

Mwezi wa tatu wa mwaka mmoja, Esenaman alivuka mlima kufuata farasi waliopotea, na theluji ikaporomoka. Walimtafuta siku kumi na saba. Farasi wake alipatikana na tandiko lake, yeye hakupatikana.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, na ni shida hiyo ninayotaka kuisimulia. Kwetu mtu akifa, hema la sufu husimamishwa, wanawake huketi ndani wameuelekea ukuta, na mama au mke huimba maombolezo aliyoyatunga yeye mwenyewe kwa ajili ya yule marehemu tu. Wanaume hulia nje wameegemea fimbo. Batmakan alikataa hema.

"Nimzike nani? Tandiko?" aliwauliza wazee waliokuja kumshauri. "Leteni mwanangu, nitamlilia. Kama hamna, kunyweni chai mwende zenu."

Miaka mitatu hakutoa chozi. Alisema huenda amevukia upande wa pili wa mpaka, huenda amepoteza fahamu akasahau njia, huenda ameoa huko. Kila kwato zikisikika barabarani alitoka, hata akiwa na unga mikononi. Alikonda mpaka pete ikawa inamdondoka. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa. Satarkul alikuja chumbani kwangu siku moja, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, akatazama sakafu.

"Mwalimu," aliniambia, "mama anakufa kwa kutolia."

Nilimpa chai.

Kiangazi cha nne wachungaji wawili walishuka na gunia. Walikuwa wameokota mifupa kwenye korongo lililo chini ya barafu ya mlimani isiyoyeyuka, palepale alipopotelea Esenaman: mkono mmoja na nusu ya mwingine, bado umeshikana kwa kano kavu, na kipande cha sufu pembeni. Watu wenye busara wangeleta gunia kwa Satarkul kwanza. Lakini kwetu maiti haipitishwi mlango wa mama yake ikapelekwa kwingine, na wale watu walikuwa na adabu. Walilipeleka kwa Batmakan.

Tulipofika mimi na Satarkul, nyumba ilikuwa imejaa. Batmakan alikuwa ameketi katikati, ule mkono uko mapajani mwake juu ya kitambaa cheupe, naye anaupapasa kidole kimoja kimoja.

"Njoo, wewe mjuzi," alimwambia mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao sikuwahi kuusikia. "Hawa wanasema ni yeye. Mimi nasema ni yeye. Lakini sitaki kuamini peke yangu. Sema wewe."

Satarkul alipiga magoti akauchukua. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, na nilikuwa nimeshaona. Mkono wa dubu uliotoka ngozi na kucha unafanana na wa mtu kiasi cha kumtisha hata polisi, vidole vitano, kiganja kilekile. Ila kwa mtu kidole gumba ndicho kinene na kimekaa kando. Kwa dubu vyote vinasimama mstari mmoja, na kinene ni kile cha nje, pale sisi tulipo na kidole cha mwisho. Na kwenye kifundo, vijifupa viwili ambavyo kwa binadamu viko mbalimbali, kwa wala nyama vimeungana kuwa kimoja. Nilimwona akipitisha ukucha wake palepale kwenye kifundo akitafuta mwanya. Alitafuta mara mbili. Hapakuwa na mwanya.

Akageuka akanitazama. Mimi nilikuwa na shahada, na watu wote pale walijua. Neno langu moja lingetosha. Nikatazama birika la chai.

"Ndiye," Satarkul alisema.

Batmakan alitoa sauti ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Wanawake walimkimbilia. Jioni ileile hema lilisimamishwa uani, na yeye akaketi akauelekea ukuta, akaimba. Miaka mitatu alikuwa ameyabeba maneno yale. Aliimba utoto wa Esenaman, farasi wake wa kijivu, kicheko chake, ukaidi wake, njia aliyoshika, theluji iliyomfunika. Wanaume nje waliacha fimbo zao wakasikiliza. Wanawake wa vijiji vya jirani walikuja kuyasikia tu. Nami nililia, Mungu anisamehe, nililia kama wengine huku nikijua nani yumo ndani ya sanda.

Shehe aliswalia, tukazika. Siku ya arubaini ilipita, mwaka ukatimia, farasi akachinjwa kwa karamu ya mwaka, Batmakan akavua nguo nyeusi. Baada ya karamu hiyo maombolezo hufungwa. Hayaimbwi tena. Wanaoyarudia, watu husema, wanakiita kifo kingine nyumbani. Batmakan akaanza kula. Akanenepa, akarudi kutukana majirani, akafuga kuku.

Siku moja nilimvamia Satarkul kwenye mapipa yake.

"Umemzika dubu kwa jina la ndugu yako. Umemfanya shehe amswalie mnyama."

"Mimi sikumzika mtu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Nilimfukua mama."

"Na siku mwenyewe akipatikana?"

"Barafu ile hairudishi." Alitoa fuvu la mbwa mwitu majini, akalitikisa. "Na wewe, mwalimu, ulikuwa na mdomo. Ungeutumia."

Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli nilimchukia wiki nzima.

Ilipita miaka minane. Kisha kikaja kiangazi cha ukame na barafu ikarudi nyuma kuliko walivyokumbuka wazee. Wanafunzi wangu walikuwa milimani kukusanya mifupa ya mbuzi mwitu kwa ajili ya zoezi. Walishuka na sanduku, wakalimwaga kwenye meza ya Satarkul, wakaanza kupanga kama alivyowafundisha. Binti mmoja wa mwaka wa pili, Uulkan, mtaratibu sana, alibaki ameshika kijifupa chembamba.

"Kaka Satarkul, huu umezidi," alisema. "Kwenye orodha ya mbuzi haumo. Huu si mtulinga? Mbuzi hana mtulinga."

Satarkul aliupokea. Ulikuwa na kigongo katikati, mahali palipovunjika pakaunga vibaya. Alipitisha kidole pale mara moja tu. Akaketi sakafuni taratibu, mgongo umeegemea pipa, akawa kama mtu aliyesahau anaanzaje kusimama.

"Tokeni nje," niliwaambia wanafunzi. "Tokeni wote. Uulkan, funga mlango."

Tulichambua sanduku lile mimi na yeye. Mbuzi walikuwa wawili. Vilivyobaki vilikuwa vya mtu mmoja: fuvu lililopondeka vipande na kujaa tope, mbavu, sehemu ya uti wa mgongo, mapaja yote mawili. Mikono haikuwamo.

"Tumzike kimyakimya kando ya lile kaburi," nilisema. "Mama yako ana miaka sabini na minane. Muache apumzike."

"Nimfukie ndugu yangu kama paka? Na mama yuko hai, ng'ambo ya mto tu?"

"Basi mwambie ulikosea. Watu hukosea. Hatakulaumu."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anaupima uongo ule, kama ungeweza kubeba uzito. Aliifunga mifupa ile katika shuka safi, tukaondoka mchana uleule.

Batmakan alikuwa barazani anachambua sufu kwa kijiti. Alituona sura zetu, akaona fungu, akaacha kazi. Satarkul aliliweka mbele yake. Akamweleza yote kwa maneno machache: barafu, sanduku, mtulinga.

Yeye alifungua shuka mwenyewe. Aliutafuta ule mfupa, akautambua kwa kidole kama alivyoutambua mwanawe.

"Basi wakati ule ulikosea," alisema.

Nilimwomba Mungu Satarkul aseme ndiyo. Mama mwenyewe alikuwa amempa lile neno mkononi, hakutakiwa hata kulitafuta.

"Hapana, mama," Satarkul alisema. "Nilijua. Alikuwa dubu."

Kuku walikuwa wanapekua uani. Batmakan aligeuza shingo kwangu.

"Na wewe, binti?"

"Nilijua, mama."

"Mlikuwa wawili," alisema. "Wasomi wawili. Mkaniacha niamini peke yangu."

Hakupaza sauti. Ningelipenda apaze, ningelipenda atupige na kile kijiti cha sufu. Alijiinua, akaingia ndani, nasi tukamfuata na lile fungu kwa kuwa hatukujua la kufanya. Akaketi kwenye zulia, akauelekea ukuta, akaushusha ushungi. Nikaelewa anataka kuimba, mila au si mila. Akavuta pumzi, akaanza: farasi wa kijivu, kijana wangu. Akasita. Akaanza pengine, kwenye kicheko chake. Akasita tena. Alifungua mdomo mara ya tatu na hakikutoka kitu.

"Maneno nilishampa yule," alisema akiwa bado ameuelekea ukuta. "Yote. Yalikuwa ya mwanangu, nikampa yule. Sina mengine. Nimezeeka, Satarkul, sina mengine."

Satarkul alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alilia akiwa anafanya kazi. Alitandaza sanda aliyoinunua njiani, akaanza kumpanga ndugu yake juu yake, kichwa kuelekea panapostahili, kila mfupa mahali pake, na kwa mazoea ya miaka mingi midomo yake ilikuwa inataja. Fuvu. Taya. Pingili ya kwanza ya shingo.

"Unanong'ona nini?" mama yake aliuliza.

"Namtaja tu, mama. Ndivyo ninavyofanya kazini. Samahani."

"Taja kwa sauti."

Alifuta uso kwa kiwiko, akarudi kwenye fuvu, akaanza upya. Alitaja kama anavyotaja darasani, polepole, jina moja moja. Palipokosa mfupa aliacha nafasi kwenye sanda na kuutaja vilevile, mikono yote miwili mpaka ncha za vidole. Na kwa kila jina Batmakan, uso ukutani, alikuwa akiitikia, "Mwanangu." Bega, mwanangu. Ubavu wa kwanza, mwanangu. Ubavu wa pili, mwanangu.

Walipofika kwenye mapaja nilitoka nje, nikakaa barazani kwenye sufu yake. Sikuwa na haki ya kusikiliza hadi mwisho.